Mhariri, saa yenu ya utulivu ndiyo saa yangu ya kuuza sukuma

Kwako Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nijibu makala mliyochapisha Jumamosi moja mwezi uliopita, kuhusu jinsi mama aliyelemewa anavyoweza kuituliza jioni yake. Nimechelewa kujibu kwa sababu gazeti lenyewe hunifikia likiwa limezeeka. Kinyozi tuliyepakana naye hulinunua, wateja wake hulisoma hadi linalegea, kisha hunipa mimi nifungie mayai na omena. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku Agosti 2017, gazeti kuukuu ni mali kwa mwenye kibanda. Nilikuwa nishalikata nusu nilipoona picha ya mwanamke ndani ya bafu la povu, mshumaa pembeni, macho kayafumba. Nikaisoma ile nusu iliyobaki, halafu nikamwomba mteja wa mayai anisubiri niisome na yake.

Mimi nauza mboga Kaptembwa, hapa Nakuru. Nina watoto watatu: msichana wa Gredi ya Nne, mvulana wa PP2, yaani chekechea, na kitinda mimba wa miezi kumi na mmoja. Baba watoto ni soja, hulinda ghala. Hutoka saa kumi na moja jioni na kurudi saa moja na nusu asubuhi. Tunaishi chumba kimoja kilichogawanywa kwa pazia, katika ploti ya milango kumi na miwili yenye bafu moja na vyoo viwili.

Mwandishi wenu alishauri kwamba ikifika saa kumi na mbili jioni mama aanze kupunguza mwendo. Aache kazi, azime simu, aoge maji moto yenye mafuta ya manukato, awashe mshumaa, aandike shajara. Mhariri, saa kumi na mbili ndipo soko langu linapoamka. Watu wanashuka kwenye matatu kutoka mjini na kila mmoja anataka sukuma wiki ya shilingi ishirini, ikatwe nyembamba, tena haraka, na nyanya mbili za kuungia. Kati ya saa kumi na moja u nusu na saa mbili usiku nauza kuliko nilivyouza tangu asubuhi. Anayeniambia nipumzike saa hiyo ni sawa na anayemwambia konda apumzike watu wakienda kazini. Mshumaa nao, kwetu ukiwashwa watoto huuliza kama stima zimepotea au ni tokeni imeisha. Na bafu, ukipitisha dakika saba ndani utamsikia mtu nje ameshika karai, anakohoa kikohozi ambacho hakitoki kifuani.

Sisemi makala yale hayakuwa na maana. Mambo mawili niliyachukua na nitayataja. Lakini yaliandikwa kana kwamba mama amelemewa kwa sababu hajui kupumzika. Kupumzika najua sana. Nipe kiti uone.

Nitakuambia jambo ambalo hadi leo lilijulikana na mimi na Shosho, bibi mzee wa mlango wa tatu. Usiku mmoja wa Februari, siku ya Alhamisi, kitinda mimba akiwa na miezi minne, nilifunga kibanda saa tatu u nusu. Maharagwe yalikuwa bado magumu kama kokoto kwa sababu niliyabandika saa moja. Mvulana alikuwa amelala sakafuni bila kula, na sare ya shule mwilini. Msichana akaninyoshea kikaratasi kutoka shuleni: kesho asubuhi waje na karatasi ya manila, gundi, na mbegu za aina tano za kubandika. Saa tatu u nusu ya usiku! Mbegu ninazo, mimi ni mama mboga, lakini manila nitaikata kwenye kabichi? Mtoto mgongoni naye akaanza kile kilio kisicho cha njaa wala cha mkojo. Nilimtua kitandani, nikachukua tochi na tishu, nikasema naenda chooni. Nikajifungia. Nikazima tochi. Nikasimama pale gizani nimeegemea ukuta. Sikuwa na haja yoyote isipokuwa kupata mahali ambapo hakuna anayesema "mama". Sijui muda gani ulipita. Najua Shosho aligonga akidhani komeo limekwama, na nilipofungua nilimkuta na mtoto wangu mikononi, ametulia, ananyonya kidole. Hakuniuliza kitu. Alisema tu, "Toka mama, hapa si pa kukaa, kuna wenye haja."

Siku ile ndipo tulipoanza kuipanga upya jioni yetu, na tulianzia asubuhi.

Baba watoto akirudi kazini hula, huoga, kisha hulala hadi saa nane. Hivyo ndivyo ilivyokuwa na mimi sikuwahi kuona tatizo, maana mtu aliyekesha ana haki ya kulala. Nilichomwomba ni kwamba kabla hajalala abandike githeri kwenye jiko nililokwisha pikia uji, badala ya kuacha makaa yale yafe bure. Mahindi na maharagwe mimi huyaloweka usiku, na yakishalala majini hayahitaji makaa mengi. Mwanzo alikataa. Jiko letu hukaa nje, kwenye njia ya ploti, na mwanamume kuchochea maharagwe mbele ya milango kumi na miwili, eti atawaambia nini watu? Tulinuniana siku tatu. Siku ya nne nilikuta sufuria jikoni, yeye ameketi kando yake na koti lake la kazi, anasinzia. Wanaume wawili wa pale langoni walimcheka. Aliwauliza, "Nyinyi usiku mtakula nini?" Wakakosa jibu, kwa kuwa walikuwa hawajajua bado. Siku hizi mmoja wao humwomba amuwekee na yake pembeni.

Jambo hilo moja lilibadilisha jioni yangu kuliko mafuta yoyote ya manukato. Githeri ikiwa imeiva tangu asubuhi, kazi yangu ya jioni ni kukaanga kitunguu. Watoto wanakula saa kumi na mbili u nusu, kibandani, wakiwa macho. Zamani walikula saa tatu wakisinzia, mmoja analia, mwingine anamwaga, na mimi napiga kelele hadi sauti inakauka. Nilikuwa nadhani watoto wangu ni wasumbufu. Kumbe walikuwa na njaa na usingizi kwa wakati mmoja.

Badiliko la pili lilikuwa saa ya kufunga. Nilikuwa nafunga saa tatu u nusu kwa kuamini kwamba nikifunga mapema nitapoteza wateja. Nilichukua daftari nikaandika kwa wiki mbili kila kilichouzwa baada ya saa mbili. Siku ya kawaida mauzo yalikuwa shilingi 200 hivi, na kati ya hizo 130 zilikuwa za kuandikiwa. Yaani nilikuwa nakaa kwenye baridi saa nzima na nusu, mtoto mgongoni, ili nikopeshe watu! Sasa nafunga saa mbili kamili. Wale wa kukopa walinung'unika juma moja, kisha wakaanza kuja saa moja. Wawili walihamia kwa mwenzangu wa ng'ambo ya barabara, na namtakia kila la heri.

Kitinda mimba anakaa na Shosho kuanzia saa kumi na mbili hadi nifunge. Namlipa kwa mboga ya jioni, managu au kunde, chochote nilicho nacho kizuri siku hiyo, si masalio. Shosho mwenyewe anasema yeye ndiye anayepata faida kwa sababu chumba chake kimekuwa na sauti. Nilisikia redioni kwamba kule Zimbabwe, kuanzia 2006, daktari mmoja, Dixon Chibanda, aliwafundisha akina nyanya wa mitaani kukaa kwenye benchi na kuwasikiliza watu waliolemewa na mawazo, na kwamba Washona wana neno lao la hali hiyo, kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi. Nilicheka peke yangu. Benchi letu ni ndoo iliyofunikwa, na Shosho hakufundishwa na daktari yeyote, ila nikienda kumchukua mtoto saa mbili huwa tunakaa kidogo. Mara nyingi tunazungumza kuhusu bei ya nyanya.

Msichana anafanyia kazi yake ya shule pale pale kibandani, juu ya kreti ya soda, chini ya balbu. Hii haikuwa mpango, alianza mwenyewe. Anasoma insha kwa sauti mimi nikikata sukuma, na wateja wanamsahihisha. Kuna fundi mmoja wa mabomba ambaye hawezi kupita bila kumuuliza ngeli. Hesabu tunazifanya kwa chenji: ametoa mia, amechukua ya thelathini na tano, mrudishie ngapi? Zamani kazi hiyo ilikuwa inaanza saa tatu na kuishia kwa machozi, yake au yangu.

Hapa niseme neno kwa walimu, na shule sitaitaja. Kanuni za Elimu ya Msingi za 2015 zimeweka masomo ya shule za kutwa kati ya saa mbili asubuhi na saa tisa na nusu alasiri, kisha michezo na shughuli nyingine hadi saa kumi na dakika arobaini na tano. Binti yangu huingia langoni saa kumi na mbili u nusu asubuhi na kutoka saa kumi na moja u nusu jioni, na bado anabeba kazi ya kufanya nyumbani. Mtoto wa miaka kumi! Halafu kuna zile picha za kutuma kwenye kundi la wazazi: mtoto akifagia, mtoto akiosha vyombo, mtoto akipanda mche. Nilipiga picha akifagia saa nne usiku kwa mwanga wa tochi, na kwa jinsi alivyokuwa amechoka ungedhani anafagia makaburini. Ombi langu ni dogo. Orodha ya vifaa vya juma zima itumwe Ijumaa, si usiku wa kuamkia siku vinapohitajika. Mimi naweza kupata manila Jumamosi. Saa tatu usiku Kaptembwa manila haipatikani hata kwa dawa.

Nilisema nilichukua mambo mawili kwenye makala yenu. La kwanza ni chai. Nilikuwa nakunywa vikombe vitatu vya chai ya rangi, nyeusi tititi, nikishafunga kibanda, nikidhani inanipa nguvu za kumalizia kazi. Mwandishi wenu alieleza kwamba nusu ya kafeini huwa bado imo mwilini baada ya saa tano hivi. Nikapiga hesabu: ya saa tatu usiku, saa nane ya usiku bado nusu yake iko macho, na mimi pamoja nayo, nahesabu mabati. Sasa chai yangu ya mwisho ni ya saa tisa alasiri. Wiki ya kwanza kichwa kiliniuma, kisha kikaacha. La pili ni simu. Kundi la shule, la chama, la kanisa na la ukoo wa kwetu Kakamega yote huamka saa tatu usiku kana kwamba yameagizana. Simu naichaji kwenye rafu ya juu na sauti nimeizima, isipokuwa simu ya baba watoto ikipiga. Hakuna ujumbe hata mmoja ulionipita kwa kusomwa asubuhi, hata ule wa harambee niliotamani unipite.

Na nina langu ambalo mwandishi wenu hakulitaja, labda kwa sababu nyumbani kwake kuna bafu. Jiko nikishakaangia githeri huwa na makaa yanayokaribia kuisha. Nabandika sufuria ya maji juu yake. Watoto wakishalala, mnamo saa tatu, namimina kwenye beseni, napoza hadi yasinichome, naketi kwenye kigoda mlangoni, taa imezimwa, naweka miguu. Dakika kumi, pengine kumi na tano. Miguu yangu husimama siku nzima kwenye udongo na maji ya mboga, imepasuka visigino. Muuguzi alinieleza kwamba miguu ikipata joto, mishipa ya damu hutanuka, na joto la ndani ya mwili hupata njia ya kutokea, na mwili unaopoa ndani ndio unaoita usingizi. Wengine hutia chumvi. Mimi hutia nikiwa nayo ya kutosha, na sijaona tofauti. Watoto wakishtuka usingizini na kuniita, yule mkubwa huwaambia, "Mama ako kwa beseni," nao hunyamaza. Maji yale hayamwagwi bure, maana debe moja ni shilingi kumi. Asubuhi napigia deki.

Ila neno moja kwa wenzangu wa Nakuru, hasa mwezi kama Julai uliopita, baridi ilipotushika hadi mifupani: jiko libaki nje. Kuna mama wa ploti ya pili aliliingiza ndani usiku ili wapate joto, akafunga mlango na dirisha. Bahati yake mtoto aliamka akitapika, wakatoka nje wakiyumba kama walevi. Makaa, hata yakiwa mekundu bila moshi, hutoa kaboni monoksaidi, na gesi hiyo haina harufu wala rangi, humlaza mtu moja kwa moja. Ndoto ya chumba chenye joto isimalize familia. Tafuta blanketi la pili.

Nilipompeleka kitinda mimba kliniki kuchanjwa surua ya miezi tisa, muuguzi yuleyule aliniuliza swali ambalo sikuwahi kuulizwa na mtu wa hospitali: mtoto akilala, wewe unalala? Nikamwambia ndiyo, siku hizi nalala kama gunia. Akasema hiyo ni habari njema, maana anayemhofia ni yule ambaye mtoto amelala, nyumba imenyamaza, na yeye bado hawezi kulala, analia bila kujua kinachomliza, hana hamu ya chakula wala ya mtoto, na hali hiyo imepita wiki mbili. Alitueleza, tulikuwa akina mama sita tumeketi kwenye ubao, kwamba Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa kati ya wanawake 100 waliotoka kujifungua, 13 hivi hupata ugonjwa wa akili, hasa huu wa huzuni isiyoondoka, na katika nchi kama zetu idadi huwa kubwa zaidi. Ugonjwa huo hutibiwa. Mama mmoja kwenye ubao ule aliinamisha kichwa, na tulipoondoka yeye alibaki. Nilitamani makala yenu yangekuwa na mistari mitatu ya kumhusu huyo, kwa sababu akisoma kwamba dawa yake ni mshumaa na shajara, atawasha mshumaa, atakosa nafuu, halafu atadhani kosa ni lake. Hata wale wahudumu wa afya ya jamii wanaopita nyumbani na mikoba ya vifaa waliyopewa 2023 wangeongeza swali la usingizi kwenye yale wanayouliza. Wa kwetu huniuliza kama nina choo. Ninacho, nilishawaeleza jinsi nilivyokitumia.

Jambo la mwisho, Mhariri, ni mahali mlipoyaweka makala yale. Yalikuwa ukurasa wa akina mama, kati ya mapishi ya keki na tangazo la mafuta ya nywele. Baba watoto hajawahi kuufungua ukurasa huo maishani mwake. Shirika la Takwimu la Kenya, KNBS, lilipopima matumizi ya muda mwaka 2021, lilikuta mwanamke anatumia karibu mara tano ya muda ambao mwanamume anautumia kwa kazi za nyumbani na malezi zisizo na malipo. Basi mkiandika tena kuhusu jioni ya mama, yaandikeni kwenye ukurasa wa michezo, chini kabisa ya jedwali la ligi ya Uingereza, pale ambapo wanaume wote wa kwa kinyozi huweka kidole. Andikeni jinsi ya kuloweka maharagwe. Waambieni jiko la uji lina moto wa kutosha kubandikia githeri.

Jina langu nimeliandika nyuma ya karatasi kwa ajili yako, ila tafadhali usilichapishe, kwa sababu ya ile habari ya choo. Kinyozi ameniahidi ataipiga chapa barua hii na kuituma. Nimeiandika kwa usiku tatu, miguu ikiwa ndani ya beseni, kwenye kurasa nilizochana katikati ya daftari la Sayansi la binti yangu. Bado hajagundua.

Mama Mboga,
Kaptembwa, Nakuru